Kuweka mlinzi wa pili kwenye kompyuta yenye antivairasi: ninavyofanya steshenari kwangu

Kompyuta ya kaunta katika steshenari yangu hapa Morogoro huchomekwa flashi za watu wasiojuana tangu tunafungua mpaka tunafunga. Mwanafunzi analeta ripoti ya mafunzo kwa vitendo, mama analeta katiba ya kikundi chao, kijana anakuja kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu na kuandika nywila ya barua pepe yake kwenye kibodi yangu. Wote wananiamini. Ndiyo maana swali la kuongeza programu ya pili ya kulinda muda wote, juu ya antivairasi iliyopo, nimelichukulia kwa uzito.

Msimamo wangu ni huu: antivairasi kamili iwe moja tu. Ya pili inaweza kukaa, tena ikasaidia sana, iwapo imetengenezwa kwa ajili ya kukaa pembeni ya nyingine, umezitambulisha zote mbili (umeiambia kila moja isiikague nyingine), na kompyuta ina nguvu ya kuzibeba. Likikosekana moja kati ya hayo, ya pili itumie kwa kuskani tu, kisha uifunge.

Nitaeleza kwa mfano ninaotumia mwenyewe: Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows 10 na 11, ikisaidiwa na Malwarebytes ya kulipia.

Kwa nini mbili kamili hugombana

Antivairasi inayolinda muda wote haingoji uiambie iskani. Inaweka draiva yake, yaani programu ndogo inayofanya kazi ndani ya Windows, kati ya programu zako na diski, mahali ambapo kila ombi la kufungua faili lazima lipite. Ukibofya faili la Word, ombi linasimamishwa hapo, antivairasi inalisoma faili, ikiridhika inaliachia, ndipo Word inalifungua. Yote hayo yanakwisha kabla hujaona kitu.

Weka mbili sasa. Ya kwanza inasimamisha ombi na kulifungua faili ili ilikague. Ya pili inaona faili limefunguliwa, nayo inataka kulikagua. Ukiwa na faili moja hutahisi chochote. Lakini chomeka flashi yenye picha elfu mbili za harusi, au fungua Chrome ambayo husoma na kuandika mafaili madogo mengi kwa mfululizo, uone diski inavyopanda hadi asilimia 100 na kipanya kinavyoganda. Mteja amesimama kaunta na karatasi haitoki.

Virusi vikipatikana ndipo mambo huharibika zaidi. Ya kwanza imelishika faili ili ilipeleke karantini (kifungoni, lisiweze kudhuru), ya pili nayo imelishika, na kila moja inajibiwa na Windows kwamba faili linatumika. Unabaki na onyo lilelile linalorudi kila baada ya muda mfupi huku faili lenyewe liko palepale. Isitoshe, kila antivairasi ina hifadhi ya alama za virusi inavyovitafuta, na hufungulia mafaili yenye mashaka kwenye folda zake za muda. Nyingine ikichungulia humo hukuta zile alama na kuanza kumshuku mwenzake.

Kumbuka pia kwamba draiva hizi zinakaa ndani kabisa ya Windows, na kosa dogo huko huangusha kompyuta nzima. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye hitilafu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows duniani, na viwanja vya ndege na benki vikasimama. Hapo hapakuwa na ugomvi wa programu mbili, ilitosha moja. Kila draiva ya aina hii unayoongeza ni mahali pengine ambapo kompyuta inaweza kuangukia, kwa hiyo iongeze kwa sababu unayoweza kuitaja.

Jua kwanza nani yuko zamu

Windows ina daftari lake la walinzi. Antivairasi nyingine ikisakinishwa na kujiandikisha humo, Defender hujizima yenyewe ili zisigongane. Ikiondolewa, Defender hurudi. Mpango huu ni mzuri, ila una mtego: programu inaweza kujiandikisha kuwa ndiyo mlinzi mkuu bila wewe kujua, Defender ikaondoka zamu, nawe ukaamini una mbili zinazofanya kazi.

Daftari lenyewe liko hapa. Andika "Windows Security" kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua, bonyeza "Settings" chini kushoto, halafu "Manage providers". Chini ya neno "Antivirus" utaona majina yote yaliyoandikishwa na ipi imewashwa.

Kwa uhakika zaidi fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uandike:

Get-MpComputerStatus | Select AMRunningMode, RealTimeProtectionEnabled, AntivirusSignatureLastUpdated

Ukiona "Normal" na "True", Defender iko kazini. Ukiona jambo jingine, haiko zamu ya kweli hata kama ile ngao ndogo karibu na saa ina alama ya kijani. Tarehe iliyo mwisho inaonyesha lini ilipokea mara ya mwisho alama mpya za virusi. Kwa sisi tunaotumia bando la simu na kulizima ili lisiishe, tarehe hiyo huweza kuwa ya wiki mbili zilizopita, na hilo ni tatizo kubwa kuliko ukosefu wa mlinzi wa pili.

Halafu kuna amri ninayoipenda kuliko zote. Fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", andika neno moja:

fltmc

Italeta orodha ya draiva zinazosimama kwenye njia ya mafaili, kila moja na namba yake. Namba za tarakimu sita zinazoanza na 32 zimetengwa na Microsoft kwa ajili ya antivairasi. Ya Defender inaitwa WdFilter na namba yake ni 328010. Ukikuta jina jingine lenye namba ya 32 ambalo hulijui, mara nyingi ni masalio ya antivairasi uliyodhani ulishaifuta.

Mwalimu mmoja mstaafu aliniletea laptop yake kwa sababu hiyohiyo.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba binti yangu. Hii mashine nikiiwasha naweza kwenda kuswali nikarudi haijafunguka. Nafikiri imezeeka."

Haikuwa imezeeka. Ilikuwa na antivairasi iliyokuja nayo dukani, muda wake wa majaribio umekwisha kitambo lakini bado imejiandikisha kama mlinzi mkuu. Juu yake mwanawe alikuwa ameweka nyingine ya bure. Na fltmc ilionyesha draiva ya tatu, ya programu ambayo haikuwamo tena kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa. Defender ilikuwa imezimwa. Niliziondoa moja moja, kila moja kwa kifaa cha kuondolea cha mtengenezaji wake, nikiwasha upya kompyuta kila baada ya moja. Kuondoa kwa "Uninstall" ya kawaida mara nyingi huacha draiva. Avast ina Avast Clear, ESET ina ESET Uninstaller, Kaspersky ina kavremover, McAfee ina MCPR. Vyote vinapatikana bure kwenye tovuti za wenyewe. Defender ikarudi peke yake, nikaisasisha, na mwalimu hakuhitaji kitu cha pili. Anatumia laptop kuandika na kusoma barua pepe. Kwa matumizi kama hayo mimi huishia hapo, na wewe usione aibu kuishia hapo.

Nani anahitaji wa pili, na achague yupi

Anayepokea flashi za watu, anayefungua viambatisho vya barua pepe vya wateja, au mwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi kuingia kwenye akaunti zao, huyo ana sababu. Lakini aitazame mashine kwanza. Ikiwa na RAM ya GB 4 na diski ya zamani ya kuzunguka, fedha ya leseni ya programu ya pili inunulie SSD. Hilo nalisema kila siku na silipunguzi: mashine nzito inamfanya mtumiaji azime ulinzi wote ili kazi iende, na ikifika hapo hata walinzi watatu hawasaidii.

Mlinzi wa pili awe wa aina tofauti na wa kwanza. Malwarebytes nimeichagua kwa sababu tabaka zake nyingi hutazama tabia zaidi ya kusoma mafaili. Moja huzuia kompyuta isiunganike na anwani za intaneti zinazojulikana kwa uovu. Jingine hulinda kivinjari, Office na kisomaji cha PDF visitumiwe kama mlango. Jingine hutazama programu inayoanza kufunga mafaili kwa wingi ili kudai fidia. Na inazishika vizuri zile programu kero zinazoingia pamoja na vitu vya kupakua bure, zinazobadilisha ukurasa wa mwanzo wa kivinjari na kujaza matangazo. Virusi vinavyojipachika ndani ya mafaili yako, kama Sality ambavyo vimezunguka kwenye flashi kwa miaka mingi, hiyo kazi ya kuvichomoa naiachia Defender. Kila moja na eneo lake.

Ukweli mmoja ambao wengi hawaujui: Malwarebytes ya bure hailindi muda wote. Inaskani ukiiambia, basi. Kwa hiyo haigombani na chochote, na kwa mashine dhaifu ndiyo ninayopendekeza. Skani Ijumaa jioni, ifunge.

Smadav ya Indonesia nayo utaikuta kwenye steshenari nyingi, na watengenezaji wake wenyewe wanaieleza kuwa tabaka la ziada linalokaa na antivairasi nyingine, hasa kwa ajili ya flashi. Ukiwa nayo, usiongeze Malwarebytes ya muda wote juu yake. Wa pili ni mmoja.

Ikiwa umenunua antivairasi kamili kama Kaspersky, ESET, Bitdefender au Norton, iache Defender ilale na usipambane kuiamsha. Windows tangu mwaka 2016 ina njia ya kati: ndani ya "Virus & threat protection", fungua sehemu ya "Microsoft Defender Antivirus options" na uwashe "Periodic scanning". Defender itakuwa inaamka mara mojamoja kuskani na kulala tena, bila kukaa kwenye njia ya mafaili. Huyo ni msaidizi tosha.

Na tafadhali, usiweke ya kukraki, yaani iliyovunjwa leseni ili itumike bila kulipia. Maelekezo ya kukraki huanza na "zima Defender kwanza" na huendelea na "weka folda hii kwenye orodha ya msamaha". Orodha hiyo ni ya vitu ambavyo antivairasi imeambiwa isivikague. Yaani mtu usiyemjua anakutaka umfungulie mlango kwa mkono wako mwenyewe, kwenye kompyuta ambayo kesho mtoto wa mtu atajazia fomu ya mkopo. Kompyuta za mitumba ndizo za kuangaliwa zaidi. Nyingi Windows yake imefunguliwa bila leseni kwa vifaa vya kukraki vya aina ya KMS, ambavyo Defender huvitambua kwa jina la HackTool:Win32/AutoKMS, na aliyeviweka ameisamehe diski C yote ili visifutwe. Nimekuta hivyo kwenye mashine ambazo mwenyewe ameapa zina antivairasi nzuri. Antivairasi ilikuwepo, ila haikuruhusiwa kutazama chochote. Kabla ya hatua nyingine yoyote, fungua orodha ya msamaha ("Exclusions", njia yake iko hapo chini) na ufute usichokielewa.

Kusakinisha

Sasisha Windows, washa upya, kisha tengeneza "restore point" ili uwe na pa kurudi mambo yakiharibika. Kama bado uko Windows 10, elewa kwamba Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yake itaendelea kupokea alama za virusi hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe hayazibwi ila kwa aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza. Mlinzi wa pili hazibi tundu la mfumo.

Pakua kutoka malwarebytes.com kwa kuandika anwani mwenyewe. Usibonyeze tangazo lililo juu ya matokeo ya utafutaji. Programu za ulinzi huigwa sana huko.

Ikishasakinishwa, mara moja ingia kwenye mipangilio yake na utafute kipengele kinachotaja "Windows Security Center". Mahali pake hubadilika toleo kwa toleo, lakini maneno hayo yapo. Ndicho kinachoamua kama Malwarebytes itajiandikisha kuwa mlinzi mkuu. Kikiwashwa, Defender inaondoka. Tunataka zote mbili, kwa hiyo kizime, kisha rudia ile amri ya Get-MpComputerStatus. Usiendelee mpaka uone "Normal" na "True". Watu wengi hukosea hapa: wanaona alama ya Malwarebytes kwenye kona, wanaona na ngao ya Windows, wanadhani wamemaliza, kumbe mmoja kalala.

Sasa zitambulishe. Upande wa Defender: "Virus & threat protection", "Manage settings", shuka hadi "Exclusions", bonyeza "Add or remove exclusions", chagua "Folder", weka hizi mbili:

C:\Program Files\Malwarebytes
C:\ProgramData\Malwarebytes

Kisha chagua "Process" na uweke njia kamili ya MBAMService.exe, iliyomo ndani ya ile folda ya kwanza. Msamaha wa mchakato una maana yake: mafaili ambayo huduma hiyo inayafungua Defender haitayakagua wakati huo, ndiyo maana ule mzunguko wa kukaguliana unakatika. Kwa sababu hiyohiyo usitoe kamwe msamaha wa mchakato kwa Chrome, Word au WinRAR. Ungekuwa umesamehe kila kinachopita humo.

Upande wa Malwarebytes: fungua "Allow List", ongeza folda hizi:

C:\Program Files\Windows Defender
C:\ProgramData\Microsoft\Windows Defender

Ishie hapo. Orodha ya msamaha ni kwa ajili ya walinzi kutambuana tu. Folda ya Downloads, Desktop, herufi ya flashi na diski C hazina biashara humo. Kuna anayekuja na kusema programu yake fulani inazuiwa hivyo aisamehe folda nzima. Samehe faili hilo moja, tena baada ya kujua kwa hakika ni nini.

Kilichobaki ni ratiba, na hapa ni haraka. Skani mbili zisiangukiane. Defender huskani yenyewe kompyuta ikiwa haina kazi. Ya Malwarebytes mimi nimeiweka saa saba mchana, tunapokula. Ili Defender isile kichakataji chote inapoanza skani yake wakati wa foleni, fungua PowerShell kama msimamizi:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Kiwango cha kawaida ni 50. Kwa 20 skani huchukua muda mrefu zaidi lakini uchapaji hausimami.

Jaribu kabla ya kuamini

Kuna faili la majaribio linaloitwa EICAR, maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara ambayo antivairasi zimekubaliana kuyashika kama virusi. Lipakue kutoka eicar.org. Defender inatakiwa kulizuia mara moja. Tazama vizuri inavyofanya: onyo liwe moja, faili lipotee, na ukifungua "Protection history" ulikute limeandikwa humo. Onyo likijirudia bila mwisho, utambulisho haujakamilika. Rudi kwenye misamaha. Malwarebytes isiposema lolote juu ya EICAR usishangae, haikujengwa kwa jaribio hilo. Yenyewe ijaribu kwa kufungua iptest.malwarebytes.com kwenye kivinjari. Ikizuia ukurasa na kuonyesha onyo lake, tabaka la wavuti liko macho.

Kisha fanya jaribio la kazi halisi, ambalo kwangu lina uzito kuliko hayo yote. Fungua Task Manager upande wa "Performance", uangalie diski na kumbukumbu. Chomeka flashi iliyojaa, fungua PDF kubwa, tuma kuchapa kurasa hamsini, fungua tovuti tatu. Fanya hivyo mlinzi wa pili akiwa amezimwa, halafu akiwa amewashwa. Tofauti unayoweza kuihesabu kwa kusubiri ni kubwa mno kwa kaunta yenye wateja.

Flashi

Hapa ndipo tunapoumizwa zaidi, kwa hiyo niseme kwa kirefu kidogo.

Zamani virusi vya flashi vilijiendesha vyenyewe ukichomeka tu, kupitia faili la autorun.inf, Conficker ya mwaka 2008 ilienea namna hiyo pamoja na njia nyingine. Microsoft ilifunga mlango huo kwa flashi kuanzia Windows 7, na mwaka 2011 ikaufunga kwa XP na Vista. Siku hizi virusi vinasubiri ubonyeze. Vinaficha mafolda yako na kuweka shotikati zenye majina yaleyale. Mteja anakuja na kilio: "Dada, flashi yangu imekula mafaili, nawasilisha kesho." Hajui kwamba mafaili yapo, yamefichwa tu. Ukiibofya ile shotikati inafungua folda kweli, lakini kwanza inaendesha skripti iliyojificha pembeni, na kompyuta yako tayari imeambukizwa.

Tabia ya kaunta kwangu ni kwamba flashi haifunguliwi kwa kubofya mara mbili. Tunaibonyeza kulia ndani ya "This PC" na kuchagua "Scan with Microsoft Defender". Ikitoka safi inafunguliwa. Kuna jambo linalowapita wengi: skani kamili ya Defender, ile ya "Full scan", kwa kawaida haigusi flashi iliyochomekwa. Ulinzi wa muda wote hukagua faili linapofunguliwa, sawa, lakini skani kamili inairuka. Ukitaka iijumuishe, andika kwenye PowerShell kama msimamizi:

Set-MpPreference -DisableRemovableDriveScanning $false

Baada ya virusi kuondolewa, rudisha mafaili ya mteja yaonekane. Ikiwa flashi ni herufi E, andika kwenye Command Prompt:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zinarudi. Shotikati zilizobaki futa kwa mkono. Na mwambie mwenye flashi, kwa upole, kwamba kompyuta aliyoitumia kabla ya kwangu ndiyo yenye ugonjwa, asije akairudisha huko leo usiku na ripoti yake ikiwa nakala moja. Mpe dakika mbili ajitumie kwa barua pepe hapohapo. Hiyo huwa siitozi.

Walinzi wote wawili wakitoa onyo kwa wakati mmoja juu ya flashi moja, lijibu onyo moja tu, lile lililotangulia. Subiri limalize kupeleka karantini ndipo uangalie la pili. Ukibonyeza huku na huku ndipo mafaili hukwama katikati.

Dalili kwamba haziivani

Word inachelewa kufunguka kuliko zamani, kila siku, siyo siku moja. Kivinjari kinakataa tovuti zote wakati intaneti ipo. Kompyuta inaganda kila flashi inapochomekwa. Skrini ya bluu inayotaja jina la faili linaloishia na .sys: liandike jina hilo, litakuambia ni draiva ya nani. Kivinjari kikigoma na una VPN, mshuku kwanza huyo VPN pamoja na tabaka la wavuti la Malwarebytes, maana wote wanashika njia moja ya mtandao.

Usizime kila kitu kwa pamoja, hutajua kilichokuwa na shida. Zima tabaka moja la mlinzi wa pili, fanya kazi nusu siku, kisha lirudishe na uzime jingine. Mimi huanza na la kuzuia ufungaji wa mafaili kwa fidia, maana hilo hufuatilia kila kinachoandikwa kwenye diski. Likionekana ndilo zito, unaweza kuliacha limezimwa na kuwasha la Windows lenyewe, "Controlled folder access", ambalo hukataza programu zisizofahamika kuandika kwenye folda ulizozitaja. Nalo lina usumbufu wake: programu halali ya hesabu inaweza kukataliwa kuhifadhi hadi uiruhusu. Lakini angalau ni la Defender na halihitaji draiva ya mgeni.

Leseni ikiisha, au ukiamua kumwondoa

Leseni ya Malwarebytes ikiisha inarudi kuwa ya kuskani tu. Weka kikumbusho kwenye simu. Siku hiyo hakikisha tena Defender iko "Normal".

Ukiamua haifai kwa mashine yako, iondoe kwa "Malwarebytes Support Tool", ambayo ina kitufe cha "Clean" kinachosafisha na draiva. Washa upya. Endesha fltmc uone kama kuna jina lake lililobaki. Kisha rudi kwenye misamaha ya Defender ufute zile folda mbili na ule mchakato. Watu husahau hatua hii, na folda tupu iliyosamehewa inabaki kuwa mahali ambapo Defender haitazami, huku virusi vinavyoijua orodha hiyo vikiweza kujificha humo miezi na miezi.